Mzee Boaz Shiundu, Aliyetubu Siku Sita Mapema

Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima, majirani wa Kibera na mafundi wote wa mbao, inatangazwa kwamba Mzee Boaz Shiundu amefariki dunia akiwa chini ya nidhamu ya kanisa kwa kosa la kunywa busaa, ile pombe ya kienyeji, kosa ambalo siku ile aliyoadhibiwa alikuwa hajalitenda. Amekaa katika hali hiyo miaka kumi na miezi sita. Anayejua kanisa lingine lenye rekodi kama hiyo amwone mwenyekiti wa kamati ya mazishi baada ya chakula.

Mzee Boaz alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa hapa Matete, Kaunti ya Kakamega, kifungua mimba wa marehemu Mzee Shiundu na marehemu Mama Nasipwondi. Alibatizwa akiwa na miaka minane. Mama yake alipenda kusimulia kwamba, maji yakiwa bado yanamtiririka shingoni, alimuuliza mwalimu wa kanisa, "Haya ni ya makosa ya jana au ya kesho?" Mwalimu alimjibu kwamba ni ya leo, na afunge macho.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba na kufanya mtihani wa CPE mwaka wa 1973. Sekondari alikaa muhula mmoja, akaona kwamba walioitunga aljebra hawakuwa na haraka ya kwenda popote. Mwaka wa 1975 alijiunga na chuo cha ufundi cha kijiji, na mwisho wa 1976 akatoka na cheti cha useremala ambacho mpaka leo kinaning'inia ukutani kwake Soweto West, Kibera, kimeliwa na mende pembe moja.

Alifika Nairobi Januari 1978, akapokewa na mjomba wake Mashimoni, huko huko Kibera, kisha akahamia Soweto West. Mwaka wa 1986 alifungua karakana yake Kianda. Vitanda vyake vimezaa watu walio hapa leo, na wengine wao wanajijua. Mwaka wa 1996, kanisa letu la Nuru ya Agano lilipopata kiwanja Kawangware kwa ukarimu wa Mzee Gichuru, marehemu alitengeneza mabenchi yote ishirini na manne. La mwisho alilitengeneza kwa mbao zilizobaki, likawa linayumba. Aliliweka nyuma kabisa karibu na mlango. Huko, alieleza, hukaa tu wanaochelewa na wenye dhambi.

Alimwoa Rose Nasambu mwaka wa 1984. Walijuana kupitia kigoda cha Rose cha kuuzia mandazi, ambacho marehemu alikitengeneza mara nne, kila mara mguu mmoja ukibaki mfupi kidogo. Ndoa yao ilibarikiwa kanisani tarehe 7 Desemba 1991. Watu wote humwita Rose Mama Lavender, kwa jina la kifungua mimba wao, naye ni sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama.

Sasa tuje kwenye ile busaa.

Jumapili tarehe 10 Agosti 2014, wakati wa ushuhuda, marehemu alisimama akavua kofia. "Wapendwa," alisema, "Jumamosi ijayo tunafanya kumbukumbu ya baba huko nyumbani. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hivyo mimi ndiye nitafungua chungu. Nitakunywa busaa. Naomba msamaha leo, maana Jumapili ijayo sitakuwa hapa." Watu kadhaa waliitikia amina kwa mazoea, kisha wakatazamana.

Wazee wa kanisa walikutana Jumanne, tarehe 12 Agosti. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gichuru, ambaye tunamshukuru kwa kusafiri usiku kucha kuwa nasi.

"Boaz," alisema Mzee Gichuru, "msamaha si mkeka wa kutandikwa kabla mtu hajaanguka."

"Mzee, ukitandikwa baada ya kuanguka unasaidia nini?"

"Kwa hivyo mimi naweza kutoka hapa niende nikaibe, kwa sababu nimeshasamehewa?"

"Unataka kuiba?"

"Sitaki."

"Basi unamwulizia nani?"

Wazee wawili walicheka. Mzee Gichuru hakucheka. Alisema polepole kwamba ndugu yake Mburu alikunywa miaka tisa, na kila jioni alikuwa na neno moja: Mungu alishanisamehe. "Tulimzika akiwa na miaka thelathini na nane," alisema. "Mimi ndiye nilishika upande wa kichwa." Hapo hakuna aliyecheka tena, hata marehemu. Alisimulia baadaye kwamba huo ndio ulikuwa wakati pekee aliokaribia kusema basi, yaishe.

Lakini hakusema. Barua ikaandikwa siku hiyo hiyo, ikapigwa muhuri: Ndugu Boaz Shiundu amewekwa chini ya nidhamu kwa kosa la kunywa busaa. Asishiriki Meza ya Bwana, na akae benchi la mwisho mpaka atakapotubu mbele ya kanisa. Wazee kwa hasira yao hawakuangalia kalenda, na marehemu kwa heshima yake hakuwakumbusha.

Alikwenda nyumbani, kumbukumbu ikafanyika Jumamosi tarehe 16, akarudi. Pasta Muchiri alimuuliza, "Unatubu?" Akajibu, "Nilishatubu." Pasta akasema ile haihesabiki. Marehemu akaenda nyuma akaketi, na benchi likayumba.

Wengi wangehamia kanisa lingine. Kawangware kuna mlango wa kanisa kila baada ya hatua kumi. Yeye alikuja kila Jumapili, kwa miguu kutoka Kibera kupitia Dagoretti Corner. Wiki ya tatu alikuja na randa. Alilainisha benchi, akasawazisha miguu, mwaka uliofuata akaliwekea mgongo wa kuegemea. Kufikia 2019 lilikuwa ndilo benchi bora kanisani, na waumini wasio na hatia yoyote walikuwa wakiwahi kulikalia.

Aliyeumia ni Mama Lavender. Sheria ya kanisa letu inajulikana: anayekufa chini ya nidhamu hazikwi na kanisa. Hapati pasta, hapati kwaya, hapati hata kitambaa cha kufunika jeneza. Mwaka wa 2009 Mama aliona jirani akiteremshwa kaburini kwa njia hiyo, watu wakisikia udongo tu. Tangu Agosti 2014 alikuwa akiimba mbele na macho yake yako nyuma. Mumewe alikuwa na sukari tangu zamani, na hakuna aliyeahidiwa kesho. Siku moja mwaka wa 2017, akitoa njegere kwenye maganda, uvumilivu ulimwisha.

"Baba Lavender, hiyo busaa ilikuwa na utamu gani wa kukukalisha mlangoni miaka mitatu?"

"Sijui," marehemu alisema. "Sikunywa."

Njegere zilimwagika. Akamweleza. Alikalishwa mbele ya chungu, akapewa mrija wa baba yake, akauweka mdomoni mbele ya ukoo mzima. "Njia nzima kwenye basi nilikuwa na kiu ya kile chungu," alisema. "Halafu nikakumbuka nimeshasamehewa, kiu ikaisha. Ilikuwa kama mtu amenifungulia mlango niliokuwa nausukuma, nikaona sina haja ya kuingia. Nikapuliza tu. Povu likapanda, wazee wakapiga makofi."

"Na hukuwaambia kanisani?"

"Hawakuniuliza kama nilikunywa. Waliniuliza kama natubu."

"Waambie Jumapili hii. Urudi mbele."

Marehemu alipiga magoti, akaanza kuokota njegere. "Nikiwaambia watanirudisha kwa sababu mimi ni mtu mzuri. Mama Lavender, nilimaanisha kunywa. Aliyenisamehe alisamehe mtu aliyekuwa anaenda kunywa. Nikirudi kwa mlango wa wema wangu, siku nitakayoteleza watanitoa kwa mlango huo huo."

Mama hakukubaliana naye. Siku mbili alimpa ugali mkavu. Lakini siri aliitunza.

Novemba 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, na ile sukari ikafanya matibabu kuwa magumu. Alipata nafuu mwaka wa 2024, akatengeneza kabati mbili na kugombana na kila aliyemwambia apumzike. Baada ya Krismasi alilazwa. Pasta Muchiri alimtembelea mara tatu, na kwa hilo familia inamshukuru. Mara ya tatu alishika mkono wake.

"Mzee Boaz, sema neno moja tu, nikurudishe kundini. Mama anateseka."

"Pasta, nilishatubu."

"Hiyo ilikuwa kabla ya dhambi."

"Na msalaba ulikuwa lini?"

Pasta alikula ndizi ya mgonjwa, akaomba, akaenda. Mama alimsindikiza hadi ngazini.

Mzee Boaz alifariki Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, saa nne asubuhi, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka sitini na saba.

Jumanne iliyofuata wazee walikutana tena kuamua kama kanisa litamzika. Mzee Gichuru alisema, na haikuwa rahisi kwake kusema, kwamba maiti hatubu. Mama Lavender aliomba nafasi. Alikuja na barua ile yenye muhuri, ambayo alikuwa ameikunja ndani ya Biblia miaka yote.

"Wazee wangu," alisema, "mume wangu alitubu tarehe kumi. Nyinyi mkamwadhibu tarehe kumi na mbili. Sherehe ilikuwa tarehe kumi na sita. Kama toba ya mapema haihesabiki, adhabu ya mapema nayo haihesabiki, na amekaa nyuma miaka kumi bure. Kama adhabu inahesabika, basi na toba inahesabika, na alishasamehewa kabla hamjaandika. Chagueni yoyote. Mimi nataka tu aimbiwe."

Angeweza kusema neno moja, hakunywa, na mambo yangeisha. Hakulisema. Mzee Gichuru aliisoma tarehe ile mara mbili, akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena. Alikaa kama mtu anayemtazama ndugu yake Mburu. Mwishowe alimgeukia Pasta Muchiri. "Pasta, basi la kwaya litoke Ijumaa mapema," alisema. "Barabara ya Nakuru ni mbaya siku hizi."

Kwa hivyo kwaya iko hapa, kitambaa kiko juu ya jeneza, na wazee wetu wa kanisa wanasikia habari za ule mrija kwa mara ya kwanza sasa hivi, pamoja nanyi. Mama ameruhusu zisomwe kwa sababu uamuzi umeshafanywa. Walikubali kumzika mtu waliyeamini alikunywa. Marehemu hangetaka kuzikwa kwa njia nyingine.

Ameacha mjane, Rose Nasambu, watoto, Lavender, Tabby na Shiundu mdogo, wajukuu watano, ndugu wawili, karakana Kianda yenye vitanda vitatu ambavyo wenyewe wanaombwa waje wavichukue, na mabenchi ishirini na manne.

Bwana ampe pumziko jema, mbele au nyuma, popote atakapomweka.

Familia ilitaka kuishia hapo, lakini Mama Lavender ameomba liingizwe jambo moja. Siku moja kabla mumewe hajafariki, mchana, wodi ikiwa tulivu, alimwuliza lile swali alilokuwa akiliogopa miaka yote: "Baba Lavender, na ukifika huko ukute ile toba yako haikuhesabiwa?"

Marehemu aliomba maji, akanywa kidogo, akarudisha kikombe.

"Nitakuwa nimeshafika," alisema.