Mwalimu Walubengo na Kesi za Maneno ya Kuazima

Tarehe 30 Novemba 1957, Mwalimu Zakayo Walubengo atastaafu baada ya kufundisha miaka thelathini na mmoja, kwanza Bungoma, kisha hapa Kitale. Wanaofundisha chumba cha jirani na chake sasa watasikia sauti zao wenyewe.

Wanafunzi wake hupatanisha ngeli ipasavyo. Siwezi kusema hivyo kuhusu wanafunzi wa madarasa mengine, wala kuhusu baadhi ya walimu.

Mwaka 1952 alikwenda nchi ya Malaya, huko Asia, kuwafundisha kusoma askari wetu waliokuwa vitani. Wenzake walirudi na saa. Yeye alirudi na maneno ya Kimalei, akatutandazia kama mchuuzi asiyejali kwamba hununui. Karani mmoja Mhindi wa huko alikuwa amemweleza kwamba mengi yalitoka katika Kisanskriti, lugha ya kale ya Uhindi: guru, yaani mwalimu, dosa, yaani dhambi, surga, yaani mbinguni.

Ndipo alipoanzisha kesi za Ijumaa. Neno la kigeni lilishtakiwa darasani kwa kuingia Kiswahili bila ruhusa, na wanafunzi wakawa mawakili. "Meza", neno la Kireno, liliachiliwa kwa sababu hakuna aliyetaka kuandikia sakafuni.

Mzee Mukhisa, mwenyekiti wa kamati ya shule, hakucheka. Alitaka Kiswahili kitupu, si maneno ya kigeni kuachiliwa, na mwaka 1954 akatangaza kwamba kesi zikiendelea, Walubengo atafute kazi kwingine. Mwalimu, baba wa watoto saba, alimwalika aje ashtaki mwenyewe, kwa sharti moja: asitumie neno lililoazimwa.

Mzee alisimama. "Kamati," akaanza. Nanyama, msichana aliyekuwa wakili wa utetezi, akanyoosha mkono: la Kiingereza hilo. Mzee akajaribu "shule", la Kijerumani. "Sheria", la Kiarabu. Mzee akafuta jasho.

"Wewe Walubengo, mimi sitaki," alisema, akakwama hapo.

"Wamalei, mzee, hata lugha yenyewe huiita bahasa," Walubengo alimjibu. "Neno hilo limetoka Uhindi, na hawajakosa la kusema."

"Hata wewe hujawahi kukosa, na ndiyo shida yako," mzee alisema, darasa likicheka. "Haya, kaa na kesi zako, bwana."

Kesi zimeendelea hadi leo. Kwa ile ya mwisho, Mzee Mukhisa ameomba kiti upande wa utetezi.

Mwalimu, asante kwa kazi yako. Ukapumzike vyema shambani Matulo, na majirani zako wajaliwe subira.