Kalamu ya Dirisha la Tatu

"Miezi miwili uko benki, na kazi waliyokufundisha ni kulinda kalamu?" fundi cherehani alimuuliza binti aliyeketi naye kwenye basi. "Ndiyo, mama. Tunazifunga kamba, wateja wanazikata. Bosi anasema aliyeshindwa na kalamu hakabidhiwi pesa." "Huo ni ulinzi, mwanangu! Wanagenzi wangu siku ya kwanza tu wanashika mkasi." "Mvumilivu hula mbivu, mama. Ila jana kalamu ya dirisha la tatu imeondoka na kamba yake. Isipopatikana, naongezewa miezi miwili." Mimi niliyekaa mkabala nao nilikuwa nasoma tiketi yangu kwa bidii. Fundi akaitazama kamba iliyoning'inia mfukoni mwa shati langu. Basi likasimama. Kwangu ni vituo viwili mbele, lakini nikashuka. Kutembea ni afya.