Miguu ya Bi Shamimu Ambayo Kamati Haikutaka Itajwe

Bi Shamimu Ashraf anastaafu tarehe 30 Juni 2015, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya uwakala wa forodha, Vuka Salama, kwa miaka ishirini na sita. Aliajiriwa mwaka 1989, biashara ya mpakani ilipoanza kufunguka na malori kupanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa Zambia. Alifika Tunduma kutoka Kondoa na begi moja na cheti cha uchapaji. Anaondoka akiwa mkuu wa dirisha la wateja, na sidhani kama yupo dereva wa njia hii, awe wa Dar es Salaam au wa Lusaka, asiyemjua.

Kamati ya sherehe iliponipa kazi ya kuandika wasifu huu iliongeza ombi: habari ya miguu iachwe, kwa kuwa leo ni siku ya furaha. Nimelikataa. Ukiitoa miguu, kinachobaki ni wasifu wa mtu mwingine.

Shamimu ni mfupi wa kuzaliwa, na alikuwa mfupi kweli. Kaunta yetu ilijengwa kwa kimo cha wanaume warefu. Siku yake ya kwanza, dereva mmoja Mzambia alisimama mbele yake akaita mara kadhaa, "Hodi, kuna mtu humu?" Akapewa kreti la soda la kusimamia. Kutwa nzima alilipanda na kulishuka, akijigamba kwamba yeye ndiye karani pekee wa ghorofani. Madereva walimpenda, wakamwita bamayo, yaani mama, ingawa wengi walimzidi umri.

Lakini aliomba kaunta ipunguzwe, tena si mara moja. Mkurugenzi wetu wa wakati ule, Bwana Barnaba, alimjibu mbele ya wateja: "Kaunta haina kasoro. Kasoro anaijua aliyekuumba." Watu walicheka. Shamimu naye alicheka, maana alikuwa kazini.

Mwaka 1998 aliuza kiwanja chake cha Majengo, akaomba likizo bila malipo, akaenda India kurefushwa miguu. Hakuwa mgonjwa wala hakupata ajali. Alitaka kuwa mrefu zaidi, na mwili ni wake. Sioni kwa nini hadi leo watu wanalisema jambo hili kwa kunong'ona, kana kwamba aliiba.

Huko mifupa ya miundi yake ilikatwa, ikazungushiwa pete za chuma zilizoshikwa na nyaya zilizopenya mguu upande hadi upande. Kila siku skrubu zilikazwa kidogo, mfupa ukaachana kidogo, na mfupa mpya ukaota katikati. Anasema maumivu ya kukatwa yaliisha mapema. Yaliyomkosesha usingizi ni ya nyama kuvutwa, na ya kusafisha matundu ya nyaya yasioze. Alirudi ameongezeka upana wa vidole vitatu, akitembea kwa magongo, visigino vikining'inia kwa sababu misuli ya nyuma ya mguu ilikuwa bado haijafuata mfupa. Madaktari walimpa sharti: mwaka mzima asipande juu ya kitu wala asibebe uzito, kwani mfupa mpya haujakomaa.

Sharti hilo alimweleza Bwana Barnaba siku aliyoripoti. Jibu lilisikika hadi uani. "Si ulitaka urefu? Basi utumie. Kuanzia leo utakagua mizigo."

Kukagua mizigo ni kupanda juu ya lori na kufunua turubai. Shamimu alikataa. Akaambiwa kwamba asiyetaka kazi anaujua mlango. Kiwanja hakuwa nacho tena, na ndugu hakuwa naye mji huu. Akapanda. Wiki kadhaa alijivuta kwa mikono, na wapo waliotoka ofisini na vikombe vya chai kuja kumtazama. Wengine watakuwepo ukumbini leo, wamevaa sare ya sherehe.

Asubuhi moja ya mvua aliteleza kwenye ngazi ya lori la mbolea. Nilikuwa uani na nilisikia mfupa ukivunjika. Mguu wa kushoto ulikatika palepale penye mfupa mpya. Bwana Barnaba alitoka, akamtazama alivyolala kwenye tope, akasema, "Haya ndiyo matokeo ya kuchezea maumbile." Kisha akarudi ndani. Gari la kampuni lilikuwa limeegeshwa pale pale na halikuwashwa. Aliyempeleka hospitali Mbeya ni dereva wa lile lori la mbolea.

Alipotolewa plasta, jirani yake Nesta, muuguzi na mwenyeji wa Ileje, alichukua likizo akampeleka nyumbani kwa mama yake, Itumba. Kwenye vilima vile ndiko alikojifunza kutembea upya. Nesta hakuwa mtu wa kubembeleza. Kila asubuhi alimketisha miguu imenyooka, akapitisha khanga kwenye unyayo, akamwamuru aivute kuelekea kwake. Shamimu akilia, Nesta alisema, "Lia tu, dada. Ila kisigino kiguse chini." Jioni waliushuka mteremko na kuupanda tena, kwa magongo mawili, baadaye kwa gongo moja, baadaye kwa bega la Nesta.

Majirani walikuja, wengine kumpa pole, wengine kuchungulia. Mzee mmoja wa kanisa alimwuliza kama ametubu. Shamimu, ambaye hadi leo huswali ameketi kwenye stuli kwa sababu miguu haimruhusu kusujudu, alimjibu, "Baba, mimi na Mungu tunazungumza mara tano kwa siku. Akiwa na neno ataniambia mwenyewe."

Aliporudi Tunduma alikuta nafasi yake imejazwa. Aliomba kumwona Bwana Barnaba, akaambiwa yuko kikaoni. Kesho yake akaambiwa amesafiri, ilhali gari lake liko nje. Basi alileta kiti kutoka nyumbani, akakiweka kando ya mlango wa ofisi, akaketi na gongo mapajani. Kila mteja aliyeuliza, "Bamayo, umepatwa na nini?" alipata jibu lile lile: "Nilirefusha miguu kwa hiari yangu. Nikakatazwa kupanda. Bwana Barnaba akanipandisha lori, nikavunjika."

Mlinzi alitumwa kumwondoa. Shamimu alimwuliza, "Utaanza kunibeba mimi au kiti?" Mlinzi akarudi getini. Wenye malori wakaanza kupeleka kazi zao kwa mawakala wa ng'ambo ya barabara. Hapo Bwana Barnaba akamwita ndani. Shamimu hakuinuka. "Aje yeye. Aseme hapa watu wakisikia."

Akaja. Radhi hakuomba. "Kesho uripoti dirishani," alisema.

"Kwa cheo gani?"

"Mkuu wa dirisha."

"Na sipandi kitu."

"Hupandi."

Tangu siku hiyo hakuna karani wa dirisha letu ambaye hakupita mikononi mwake, na hakuna aliyethubutu kumcheka mteja mbele yake. Mguu wa kushoto uliunga ukiwa umepinda kidogo. Miezi ya baridi kama huu wa Juni, alifika kazini kabla ya watu wote ili aunyooshe taratibu. Hakukimbia tena maishani. Wasichana waliomjia kwa siri, wakitaka nao warefushwe, hakuwavutia wala hakuwakataza. Aliinua gauni akawaonyesha makovu, akawaeleza kila kitu, akawaacha waamue.

Wiki iliyopita kijana wetu wa mapokezi alimwuliza kama anajuta. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Miaka yote hii mnaniuliza mimi! Miguu ni yangu, nilitaka, nikaumia. Barnaba mmewahi kumwuliza kama anajuta?"

Bwana Barnaba ndiye mgeni rasmi wa leo. Ratiba inasema atamkabidhi Bi Shamimu zawadi. Namwomba, kabla hajainyanyua, ajibu swali hilo kwenye kipaza sauti.

Bi Shamimu, asante kwa kutufundisha kazi na kwa kutotunyamazia. Huko Hasamba unakohamia, kwenye shamba lako la kahawa, ukae unapotaka, uinuke ukipenda, na pasiwepo wa kukuamuru. Uwe na maisha mema, dada yetu.

Gwakisa, karani wa uani