Barua Kuhusu Chawa wa Nyumba ya Boke

Nyuma ya duka la ushirika, katika kijiji kipya ambacho mwaka mmoja tu uliopita kilikuwa malisho ya ng'ombe, lililazwa gogo la mkaratusi, na juu ya gogo hilo ilikaa serikali. Hivyo ndivyo alivyoamini Machage, balozi wa nyumba kumi, ambaye wenzake walimwita Redio: kwanza kwa sababu redio ya upande ule wa kijiji ilikuwa yake peke yake, pili kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kushoto kwake alikaa Ryoba, aliyeitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia zahanati miaka miwili. Kulia alikaa Tomaso, jina la kijiweni Kamati, maana hata kuku akipotea yeye huunda kamati. Mbele yao Regina alikuwa akimimina kahawa kutoka kwenye birika lake jeusi. Asubuhi hiyo kijiwe kilikuwa na kazi rasmi. Walikuwa wanaandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji, wakiomba Boke, mjane aliyehamia wiki tatu nyuma na binti zake wawili kutoka upande wa Nyakunguru, anyang'anywe kiwanja chake karibu na kisima na kupelekwa bondeni, mwisho kabisa wa kijiji. Kosa lake: kuleta chawa wa kichwa. Tomaso alishika kalamu. Machage alitoa maneno, na huku akitoa maneno alikuwa anajikuna.

— Andika, Kamati. "Ndugu Mwenyekiti, sisi wakazi wenye vichwa safi..."

— Nimeandika "safi". Lakini Redio, mbona unajikuna?

— Hayo ni mawazo. Mtu mwenye mawazo mengi kichwa hupata joto. Wewe huwezi kulijua hilo.

— Na mkeo Wegesa, yeye ana mawazo gani? Jana nimemwona anajikuna kwa mwiko.

Machage alijifanya anapuliza kahawa. Ukweli ambao hakuutoa kijiweni ni kwamba Wegesa alikuwa amemtolea ngozi yake ya kulalia nje, na sasa balozi wa nyumba kumi alikuwa analala kwenye nyumba ya kumi na moja, yaani ya mbuzi.

— Wegesa ameambukizwa na yule mama, akasema. Nyumba yake na yangu zinatazamana. Chawa anaruka. Mimi nilipokuwa vitani Bama, kule tulikopigana na Wajapani, niliwaona kwa macho yangu chawa wanaruka mto. Wanakwenda nyuma hatua kumi, halafu wanakuja mbio, puu! Ng'ambo.

— Mto mpana kiasi gani? aliuliza Regina.

— Kama Mara, mwezi wa nne.

— Na wewe ulivukaje?

— Regina, mimina kahawa.

Ryoba akakohoa kikohozi cha zahanati.

— Hapana, mura. Kitaalamu chawa hawaruki. Chawa wanatoka kwenye damu. Damu ikiwa tamu sana, inachemka, povu lake linapanda kichwani, likipoa linaota miguu. Daktari mwenyewe aliniambia.

— Alikuambia wewe? aliuliza Regina.

— Alikuwa anamwambia mgonjwa. Mimi nilikuwa nafagia hapo mlangoni.

— Na dawa yake?

— Mafuta ya taa. Unajimwagia kichwa kizima, unakaa mbali na jiko.

— Daktari, akasema Tomaso, dawa yako inaua chawa pamoja na mwenye nyumba. Mimi napendekeza josho. Ng'ombe anaingia na kupe upande huu, anatoka safi upande ule. Tupange foleni Jumamosi, baada ya mafahali. Kila mtu azamishwe mara moja, wajumbe wa kamati mara mbili kwa mfano bora.

— Mimi na njia yangu hii niingie josho? Machage aliruka, akigusa ile njia aliyojichonga kwa wembe upande wa kushoto wa nywele zake ndefu. Hakukuwa na nywele nyingine za namna hiyo kutoka pale hadi Tarime mjini; kwa maelezo yake, hadi Nairobi.

— Basi nyoa kipara.

— Ninyoe? Kwetu hunyoa aliyefiwa, na baba yangu yu hai, anakula ugali wa mtama mara mbili kwa siku. Nikitokea na kipara asubuhi, kufika saa nne watu wamejaa uani na unga wa msiba, wanalia. Nitawaambia amekufa nani? Chawa?

Hilo hata Tomaso alilikubali, maana mwaka juzi mtu mmoja wa kilima cha pili alinyoa kwa sababu ya upele, na shemeji zake wakafika na ng'ombe wa matanga wakiwa wamekwisha kumchinja njiani.

— Endelea kuandika, akasema Machage. "Kwa hiyo tunaomba huyo mama apelekwe bondeni leo hii, pamoja na chawa wake." Acha nafasi ya sahihi hapo chini.

— Shikamooni, wazee.

Wote watatu walishtuka. Boke alikuwa amesimama nyuma ya gogo na chupa tupu ya mafuta ya kula, akisubiri duka lifunguliwe. Haikujulikana alisimama hapo tangu lini, lakini uso wake ulionyesha ni tangu "vichwa safi".

— Marahaba, mama, wakajibu kwa pamoja, kama darasa.

— Nimesikia habari ya bondeni. Kule hakuna maji, na binti zangu ndio wachotaji. Sijaja kugombana. Nina swali dogo tu, balozi. Ulianza kujikuna lini?

Machage alifungua mdomo. Mdomo ule uliwahi kueleza jinsi alivyomkamata chui kwa mkia, na jinsi gavana alivyomwomba ushauri wa mvua. Safari hii ulipuliza kahawa tena. Maana kichwani, katikati ya muwasho, aliiona vizuri palizi ya shamba la kijiji, yeye amesimama juu ya kichuguu akiwahimiza watu kwa mkono mmoja, mwingine uko nyuma ya sikio. Palizi ile ilikwisha mwezi mzima kabla lori la akina Boke halijafika.

Akamtazama Ryoba. Ryoba akatazama kahawa. Tomaso akatazama barua.

— Haya, akasema Boke, nani kati yenu hajikuni? Anyooshe mkono.

Hakuna mkono ulionyooka. Yote ilikuwa na shughuli.

Regina alicheka hadi akaweka birika chini.

— Binti zangu walipata chawa mwaka jana, akasema Boke, watoto wote walipolala kichwa kwa kichwa kwenye ghala. Nilipigana nao, najua tabia zao. Chawa haruki wala hatoki kwenye damu, na usafi wa mtu haumtishi. Anatembea tu, nywele hizi zikigusa zile. Sasa ninyi wazee wazima mnagusanisha vichwa wapi?

Machage alihisi masikio yanapata moto. Mawe ya redio yake, yaani betri, yalikuwa yamechoka tangu mavuno. Ukiyaanika juani yanatoa sauti ya mbu. Kwa hiyo kila Jumatano jioni wao watatu hubana vichwa kwenye redio, sikio kwa sikio, robo saa nzima, bila kukosa.

— Mnasikiliza nini siku hiyo? Boke aliuliza alipoambiwa.

Ryoba ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini sana:

— Kipindi cha afya.

Duka lilikuwa limefunguliwa. Boke akaingia, akatoka na chupa yake, na kitana chenye meno yaliyobanana akakichomoa kwenye pindo la kanga.

— Balozi, keti chini. Hunyoi wala huendi josho. Na mafuta ya taa yatakubabua ngozi, acha kabisa. Ni mafuta haya ya kula, nywele zilowe, halafu kuchana kifungu kwa kifungu. Unarudia kila siku ya tatu, majuma mawili, maana mayai yanaanguliwa nyuma yako. Na Wegesa na watoto siku hiyo hiyo, ama sivyo unafanya kazi bure. Vitana vichemshwe.

Machage alikaa chini, serikali yote ikimtazama. Vidole vya Boke vikapasua nywele nyuma ya sikio.

— Haya meupe ukiyapuliza hayaruki, yameng'ang'ania shina la unywele. Hayo ndiyo mayai. Yangekuwa mba yangepukutika. Nipeni karatasi nyeupe niwaonyeshe wenyewe wanavyotembea.

Karatasi nyeupe katika kijiji kizima ilikuwa moja. Tomaso alimtazama Machage. Machage, kichwa chini, mafuta yakimtiririka hadi puani, alijifuta kwa kiganja.

— Mpe, akasema mwishowe. Anakaa pale pale kisimani. Mpe.

Boke alitandaza barua gotini, akachana mara moja. Wakaanguka chawa wanne, wanene, rangi ya kahawa. Vichwa viwili vikainama kutazama.

— Msigusane! akapiga kelele Regina.

Chawa watatu walizunguka bila mpango kwenye "vichwa safi". Wa nne alishuka karatasi taratibu, mstari kwa mstari, akafika chini kabisa, akatulia.

— Redio, akasema Ryoba, huyu wako ametia sahihi.