Vipande Saba vya Selotepu

Miaka thelathini na mmoja Mwalimu Musyimi Nthiwa amefundisha muziki shuleni kwetu hapa Matinyani, na Ijumaa tarehe 30 Oktoba anatuaga.

Alikuja na begi moja na tromboni iliyobonyea. Chombo hicho hakina vitufe. Kina bomba la kuvuta na kusukuma, lenye nafasi saba zisizoandikwa popote, na Musyimi alizifundisha kwa mwili. Ya kwanza, bomba limerudi lote. Ya tatu, vidole vinakaribia mdomo mpana wa tromboni. Ya saba, nyoosha mkono mpaka bega liulize kuna nini. Kisha hukuambia ufumbe macho usikilize. Bomba alililainisha kwa mafuta ya watoto, hata staffroom yetu ikanukia kliniki.

Bendi yake ilikuwa imeshika namba mbili kwenye mashindano ya kanda kule mjini Wote mara tano. Mara tano jamani! Kabla ya kustaafu alitamani jambo moja tu, kuifikisha mashindano ya kitaifa.

Hapa lazima niseme ukweli, nisije nikamsifu kinafiki. Asubuhi ya mashindano ya mwaka huu, Mumbua wa Kidato cha Tatu, mpiga tromboni wetu, alikuwa anakosea nafasi kwa woga. Mimi mwalimu wa hisabati, kwa kiherehere changu, nikachukua rula na selotepu nikambandikia alama saba kwenye bomba. Tukasubiri zamu juani mpaka saa nane. Shaba ikapata moto, sauti ikapanda, alama zangu zikawa za uongo. Mtoto aliyezoea kusikiliza akawa anatazama selotepu. Woi! Hata mimi nisiyejua muziki nilisikia aibu. Tukawa namba mbili tena.

Musyimi alizibandua alama moja moja kwa ukucha, akawaambia wanafunzi kosa ni lake, hakuwaandaa vizuri. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu anakua kila siku.

Jumatatu iliyofuata aliniletea ile tromboni yake iliyobonyea, maana nilikuwa nimemwahidi miaka mingi kwamba nitajifunza, kila mara nikisema muhula ujao. Nimefika nafasi ya nne. Ya saba mkono bado hauifikii.

Mwalimu, kosa lilikuwa langu. Ni muvea muno, asante sana, kwa yote. Sisi wenzako tunakuombea afya na siku nyingi za raha nyumbani kwako kule Tulia. Ukipita Matinyani ukasikia tromboni ikilia vibaya, ujue ni mimi, nimefumba macho, bila selotepu.

Muthoki, Idara ya Hisabati