Maswali Kumi na Manne Kabla ya Kopa Nne

Benchi lenyewe liko Lindi, ile ya mabandani si ile ya pwani, mbele ya karakana ya vitanda, na Jumatano hiyo lilikuwa na watu watatu na thamosi moja ya kahawa. Khaemba, mwenye karakana, wanamwita Msumari, maana akishika neno hang'oki. Oluoch anajiita Refa, ingawa hakuna aliyempa filimbi. Na Jeconia ni Klabu, kwa sababu miaka kumi na moja alibeba trei kwenye klabu ya wakubwa akiwatazama wakicheza bridge, mchezo wa karata, akaja kumfundisha mkewe Nereah, kisha mtaa mzima. Sasa Jeconia alikuwa na donda. Mwezi jana yeye na Nereah walinadi kopa mbili, yaani waliahidi kushinda mikono minane (sita ya kwanza haihesabiwi), wakashinda kumi. Kumi ni kopa nne, ni game yenyewe, lakini ukiahidi kidogo zile pointi kubwa huzioni. Audrey, kapteni wa timu ya Kabiro kule Kawangware, akacheka mbele ya umati: "Weita ameogopa kuagiza!" Weita! Tangu siku hiyo ugali haushuki. Jumamosi ni marudiano, na Jeconia hakutaka kitu kingine duniani ila kumfunga yule mama mdomo.

— Dawa nimepata, wasee. Inaitwa relay. Mmoja anauliza tu, mwenzake anajibu tu.

— Anauliza aje, na kwa mnada huruhusiwi kuongea? aliuliza Refa.

— Kwa ngazi, zile ahadi zinazopandana. Nikitaja ngazi ya chini kabisa inayofuata, hiyo si ahadi, ni swali: mama, uko na nini? Yeye akitaja inayofuata, hilo ni jibu. Mwishowe nimejua karata zake zote, na yeye hajui yangu hata moja.

— Buda, hiyo si bridge. Hiyo ni ndoa, alisema Refa.

— Mficha uchi hazai, alisema Msumari, kama kwamba wahenga walikuwa wakiongea juu ya karata.

Akaleta kipande cha plaiwudi na penseli. Jeconia akaandika: Mama ako na kopa ngapi? Ako na ree ngapi? Mfalme je?

— Weka malkia, alisema Refa. Malkia wa kopa ako kwake ama ametoroka?

— Na uulize tena lile la kwanza, Msumari akadakia. Watu hubadilika.

— Manze, ukishajua zako na zake, zilizobaki ni za Audrey! Ni kama umeingia kwake na dirisha, alisema Refa.

— Wee! Huyu landlord wetu tungemuuliza na relay, kufika swali la nane angekuwa ametaja pesa za choo zilienda wapi, alisema Msumari.

Walipofika kumi na nne, Jeconia akaanza kuhesabu kwa vidole. Kutoka maua moja, ngazi ya kwanza ya mnada, mpaka kopa nne ni ngazi kumi na nane, na mnada haurudi nyuma. Swali moja na jibu lake hula ngazi mbili, tena hapo umebana sana. Akahesabu mara ya pili.

— Yawa! Jibu la mwisho linatua kopa sita. Game tumeipita tukiipungia mkono!

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Refa.

— Tufute matano, alisema Jeconia.

— Futa ya Refa.

— Yangu? Kwani ya Msumari ni matakatifu?

Hakuna aliyekubali lake lifutwe. Jeconia akajipa moyo. Kujibu alikuwa Nereah, na Lindi nzima hakuna kichwa kama cha Nereah. Karata ikishaanguka mezani haisahau. Bila yeye hiyo plaiwudi ilikuwa kuni. Alimwonea fahari mkewe, kweli kabisa, ingawa hakuwahi kumwambia.

Nereah mwenyewe akatokea, ametoka mtaa jirani wa Silanga na sukuma wiki kwapani.

— Shemeji, karibu! Refa alimsogezea nafasi. Tunakutengenezea majibu.

Hakuketi. Aliisoma ile plaiwudi pole pole, kutoka juu mpaka chini.

— Huyu mama wa kujibu kumi na manne ni nani?

— Si ni wewe, Mama Trizah. Jumamosi, alisema Jeconia.

— Sawa. Na lile la kuniuliza kama nitacheza na wewe, ni namba ngapi?

Refa akachungulia kikombe chake. Msumari, ambaye hang'oki, aling'oka akaenda kutafuta randa. Jeconia aliitazama plaiwudi akajisikia mdogo, kisha akaweka penseli chini.

— Mama Trizah... utacheza na mimi?

— Pole, baba. Audrey alinipigia Jumatatu, akauliza hilo moja tu. Nikamwambia ndio.