Meno Meupe ya Mama Igoki: Historia ya Caroline Wawira Kaimenyi

Familia ya Kaimenyi wa Nkubu na familia ya Gichovi wa Kiambere zinawashukuru kwa kufika, na zinawaomba subira kidogo, kwa kuwa historia hii marehemu aliipitia mwenyewe akiwa kitandani, akaongeza sehemu ambayo sisi tungeiruka, akasisitiza isomwe bila kupunguzwa. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini Caroline hakutaka kumwachia mwosha kazi hiyo.

Marehemu Caroline Wawira alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Kiambere, Kaunti ya Embu, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Gichovi na Mama Lydia Igoki, ambaye ameketi nasi hapa mbele. Alikulia kwenye maji ya kisima cha kijiji chao, maji yanayowaachia wanywaji wake meno ya kahawia yenye mistari, na nyumbani jambo hilo halikuwa habari, kwa maana mwalimu alikuwa nayo, mzee wa kanisa alikuwa nayo, na mama yake, aliyekuwa mwimbishaji wa akina mama kanisani, aliyaonyesha yote kila Jumapili bila wasiwasi.

Alisoma shule ya msingi kijijini na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1999, kisha akajiunga na shule ya bweni karibu na mji wa Embu, ambako wasichana waliotoka sehemu za baridi, kusiko na maji ya namna hiyo, waliyacheka meno yake, akajifunza kuzungumza midomo ikiwa imefungwa nusu, na akamaliza kidato cha nne mwaka 2003 akiwa na alama nzuri sana na picha ya darasa ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu.

Mwaka 2004 alikwenda Nairobi kusomea ufundi wa meno ya bandia, akahitimu 2007, na Januari 2008 akaajiriwa katika maabara moja mjini Embu, akiunda kofia za meno na madaraja ya kuziba mapengo kwa vipimo vilivyoletwa na madaktari. Kazi yake ya kwanza ya kujivunia ilikuwa kinywa chake mwenyewe, alichokivika kauri nyeupe, na sisi wakwe zake wa Nkubu, huko Meru, tulidhani amezaliwa hivyo. Alipenda kusema kwamba kauri huchaguliwa kama mchumba, usitazame sura peke yake, maana ile iliyo kama kioo hupitisha mwanga na kupendeza mno, lakini ukiitandika juu ya pengo la mtafunaji wa mahindi ya kuchoma itavunjika, na zirkonia, ile kauri ngumu kama jiwe, hustahimili kila kitu, ila ukiiacha bila kuifunika na kuitia rangi hukaa mdomoni kama kikombe cha wageni.

Alifunga ndoa na Edwin Kaimenyi tarehe 10 Desemba 2016, na hapa ndipo penye sehemu aliyoiongeza mwenyewe. Mwaka uliotangulia Mama Igoki alikuwa ameteleza kisimani na kupoteza meno matatu ya mbele, na Caroline akaamua kumuundia daraja kabla ya harusi, akachagua zirkonia tupu, nyeupe kuliko zote zilizokuwapo, akamwambia daktari kwamba mama hutafuna vitu vigumu na anahitaji nguvu. Hilo la nguvu lilikuwa kweli, lakini weupe ulikuwa kwa ajili yetu, wakwe kutoka Meru, kwa sababu alimwonea mama yake aibu. Mama hakubisha, akatokea harusini na meno matano meupe, matatu ya pengo na mawili ya pembeni yaliyovikwa ili kulishikilia daraja, katikati ya yale ya kahawia, akashika leso mdomoni kutoka kanisani hadi keki, na sisi, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa akihesabu meno, tuliiona leso tu, tukarudi Nkubu tukisema mama huyu hataki undugu nasi.

Mungu aliwajalia mabinti wawili, Maxine Kinya mwaka 2017 na Beverlyne Igoki mwaka 2019. Caroline alipokwenda Kiambere kumwonyesha mama mtoto huyu wa pili, jirani yao Peninah alimkuta njiani, akamwambia kwa Kimbeere, lugha ya kwao, bila kuzunguka, kwamba amemshona mama yake mdomo kwa uzi mweupe, na kwamba tangu harusi ile kanisa halijamsikia akiimbisha. Caroline aliketi kando ya njia na mtoto mgongoni, akalia kwa aibu.

Mwezi Agosti mwaka huo alimleta mama Embu, akamketisha dirishani penye mwanga, akaunda mifupa ya daraja kwa zirkonia ileile, akaifunika kwa kauri laini, akachora mistari ya kahawia, akaichoma, akairudia, hadi meno mapya yakawa ndugu wa yale ya zamani, na daktari wa meno, Daktari Kiunga, akaling'oa lile jeupe na kuliweka hili. Mama alijitazama kwenye kioo, akauliza kwa upole mbona hakupewa haya mara ya kwanza, na Caroline alituambia angeona afadhali kofi. Leso ilirudi kichwani, kicheko kikarudi, lakini kuimbisha hakukurudi, kila alipoulizwa Mama alijibu kwamba kinywa kimefika ila wimbo bado uko njiani.

Februari mwaka 2025 Caroline alipatikana na saratani ya umio, akatibiwa Meru na Nairobi, na alfajiri ya Ijumaa tarehe 3 Oktoba 2025 akaaga dunia hospitalini Meru, bado akiungoja wimbo huo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Daktari Kiunga na mafundi wenzake wa Embu, majirani wa Nkubu waliolala nje nasi, na majirani wa Kiambere waliosafiri jana na Mama. Katika ratiba mliyo nayo imeandikwa kwamba wimbo wa kaburini utaongozwa na kwaya, lakini jana jioni Mama Igoki aliwaambia wazee kwamba mwanawe atazikwa kwa wimbo wa kwao na atauimbisha yeye, kwa hiyo kwaya itaitikia, na sisi wa Nkubu tutamsikia kwa mara ya kwanza.

Caroline Wawira, pumzika kwa amani, mama yako anasimama.